Jina la fundi limekwenda wapi?

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma kwa nyundo. Kuvukuta ni kuupuliza moto kwa mvukuto ili chuma kipate kulainika. Methali hii nimeikuta katika insha za wanafunzi kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nimeridhika na maelezo yale yale: mtoto hurithi kazi ya mzazi wake, na asipoirithi yote, basi huirithi nusu. Ni maelezo yanayotosha kupata alama katika mtihani. Sikuwahi kuyatilia shaka mpaka mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliponyosha mkono katika somo la semantiki na kuniuliza: "Mwalimu, nani huamua atakayesana na atakayevukuta?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilitambua kwamba sikuwa na jibu.

Binti huyo ni mzaliwa wa Shauri Moyo, hapa Nairobi. Baba yake ni mwandishi wa vibao: hodari wa kuchora kinyozi na kiti chake, kuku wa kuchoma, gurudumu la gari, jino linalong'aa, na kuandika juu ya michoro hiyo majina ya maduka na maneno ya kuwavuta wateja. Tangu akiwa darasa la nne, binti alikuwa akikoroga rangi, akisugua mbao kwa msasa na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Kaka zake wawili walifundishwa kushika brashi. Yeye hakufundishwa. Kaka zake wote wawili wameiacha kazi hiyo, mmoja akawa dereva na mwingine akafungua duka la simu. Yule aliyeitamani kazi tangu utotoni ndiye aliyeachiwa mvukuto.

Nilimwomba anipeleke kwa baba yake. Tulikwenda Jumamosi moja asubuhi, tukashukia Barabara ya Jogoo na kupita kando ya soko la Burma. Shauri Moyo ni miongoni mwa mitaa ya kale ya Eastlands. Ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea wakazi walioondolewa katika kijiji cha Pangani kilipobomolewa na serikali ya kikoloni. Jina la mtaa linasema kwamba shauri ni la moyo wa mtu, lakini waliohamishiwa huko hawakuombwa shauri lolote. Mwanaisimu hawezi kulipita jina kama hilo bila ya kusimama kidogo.

Kutoka hapo si mbali hadi Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hufua mabati tangu alfajiri mpaka magharibi. Kelele za nyundo hizo ndizo tafsiri bora ya methali yetu. Huko hutengenezwa makarai, majiko na yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa shule za bweni huyabeba kila muhula unapofunguliwa. Msomaji mpenzi, bila shaka nawe uliwahi kuwa na sanduku la namna hiyo, na jina lako likaandikwa juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe ili lisipotelee bwenini. Mzee niliyekwenda kumwona ameandika maelfu ya majina hayo.

Tulimkuta akimalizia kibao cha duka la vipuri. Mkono wake haukutetemeka, na hakutumia rula. Nilimsifu, akashukuru. Kisha nikatafuta jina lake pembeni mwa kibao nisilione. Nikamuuliza kwa nini hatii sahihi katika kazi zake.

"Kibao ni cha mwenye duka, mwalimu," alinijibu. "Mimi nimelipwa."

Nikamuuliza pia kwa nini hakumfundisha binti yake. Alinyamaza muda mrefu, akaifuta brashi kwa kitambaa, kisha akasema kwamba kazi ya kupanda ngazi barabarani si ya mtoto wa kike, na kwamba yeye alitaka binti huyo asome. Binti alikuwa amesimama hapo hapo na kopo la rangi mkononi. Hakusema neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiria majibu hayo mawili pamoja, na nimefikia kuamini kwamba ni jibu moja. Tuchukue sentensi rahisi ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili huiandika ubaoni: "Kibao kimeandikwa." Kisarufi, sentensi imekamilika. Kauli ya kutendwa inaturuhusu kumwacha mtenda nje bila ya kosa lolote. Tukitaka, tunaweza kuongeza "na fulani". Tusipotaka, hakuna atakayetukosoa. Historia ya sanaa, hasa sanaa inayorithiwa katika nyumba za mafundi, imejaa sentensi za namna hii. Picha imechorwa. Rangi imekorogwa. Brashi zimeoshwa. Na nani? Hapo ndipo sarufi inapotupa ruhusa ya kunyamaza, nasi tunaipokea kwa mikono miwili.

Nisije nikaonekana nawalaumu mafundi wa Shauri Moyo peke yao, nitaanza na nyumba ambayo dunia imeisifu kwa zaidi ya miaka 200. Huko Marekani palikuwa na mchoraji aliyeitwa Charles Willson Peale, aliyezaliwa mwaka 1741. Alianza maisha kama mwanagenzi wa fundi wa matandiko ya farasi, kisha akajifunza uchoraji na kuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa sura za watu katika taifa lile changa. Alimchora George Washington mara kadhaa. Mwaka 1786 alifungua jumba la makumbusho mjini Philadelphia. Alimfundisha ndugu yake James kuchora, akawafundisha na watoto wake.

Kilichonivutia mimi ni majina ya watoto hao. Peale aliwaita wanawe Raphaelle, Rembrandt, Titian na Rubens, na mabinti zake akawaita Angelica Kauffman na Sophonisba Angusciola. Yote hayo ni majina ya wachoraji wakubwa wa Ulaya, wanaume kwa wanawake. Baba huyo alikuwa na imani ambayo hata sisi tunayo, kwamba mtoto hulifuata jina lake. Tunasema jina jema hung'ara gizani, na tunampa mtoto jina la babu kwa tumaini kwamba atachukua na tabia zake.

Je, majina yalichora? Kwa sehemu. Raphaelle akawa bingwa wa kuchora matunda na vyakula vilivyopangwa juu ya meza. Rembrandt alimchora Washington mwaka 1795, akiwa kijana wa miaka 17, na akaishi kwa brashi mpaka uzeeni. Lakini mabinti waliopewa majina ya wachoraji wa kike hawakupata kuwa wachoraji wa kazi hiyo. Waliofika huko ni binti za James, yule ndugu mdogo. Wawili kati yao, Anna Claypoole na Sarah Miriam, walichaguliwa mwaka 1824 kuwa wanachama wa Chuo cha Sanaa cha Pennsylvania. Sarah Miriam hakuolewa, na kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kuchora sura za watu mjini Baltimore na baadaye St. Louis. Hakuwa na jina la mchoraji yeyote wa Ulaya. Alikuwa na baba aliyemkabidhi brashi.

Ipo habari nyingine katika nyumba hiyo inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Rubens, mmoja wa wana wa Charles, alikuwa na macho dhaifu tangu utotoni, na maisha yake mengi aliyatumia kuendesha makumbusho. Mwaka 1855, akiwa amepita umri wa miaka 70, alianza kuchora. Aliyemfundisha alikuwa binti yake mwenyewe, Mary Jane. Mwana wa mhunzi alirudi kwenye fuawe uzeeni, na aliyemshika mkono alikuwa binti yake.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na mtu mwingine, na bila ya kumtaja yeye habari hii haijakamilika. Moses Williams alikuwa mtoto wa wazazi Waafrika waliokuwa watumwa wa Charles Peale, naye alikulia utumwani humo humo, pamoja na akina Raphaelle na Rembrandt. Watoto wa Peale walipewa rangi na brashi. Moses alipewa kazi za mikono za makumbusho, kisha akapewa mashine. Mashine hiyo ilifuatisha umbo la uso wa mtu ulioelekezwa upande mmoja na kuuandika mstari wake katika karatasi nyeupe. Baada ya hapo mkataji aliikata karatasi kwa mkono na kuiweka juu ya karatasi nyeusi, pakatokea kivuli cha uso wa mteja. Ilikuwa picha ya mtu asiye na uwezo wa kulipia picha ya rangi.

Moses aliachiwa huru mwaka 1802, na aliendelea kufanya kazi hiyo katika makumbusho kwa malipo. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Alikata maelfu kwa maelfu ya nyuso, akapata fedha za kununua nyumba na kuoa. Hata hivyo, karatasi zile hazikuwa na jina lake. Zilipigwa muhuri wenye neno moja: Makumbusho. Kwa miaka mingi baadaye kazi zake zilihesabiwa kuwa za wana wa Peale, na ni watafiti wa siku hizi walioanza kumrejeshea alichokifanya. "Karatasi zimekatwa." Na nani? Sentensi ilikaa bila ya mtenda kwa karibu karne mbili.

Angalia basi, msomaji, jinsi methali yetu inavyogeuka. Moses Williams alikuwa mwana wa nyumba ya mhunzi. Aliyaona yote, alijua yote, mkono wake ulikuwa hodari kuliko wa wengi. Lakini waliokuwa na mamlaka waliamua kwamba yeye atavukuta. Kipaji hakikuwa na kauli katika uamuzi huo.

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa hata sisi tuna nyumba ya wachoraji inayojulikana duniani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati wake, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam kutafuta maisha. Huko alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na vibarua vya hapa na pale. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa vyuoni. Alinunua mbao ngumu za dari, akazikata miraba, na akatumia rangi zinazong'aa za kupaka baiskeli. Alichora wanyama na ndege, na nyuma yao akapaka rangi moja iliyotulia. Mkewe, Agatha Mataka, alikuwa akiuza mboga Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, na picha za mumewe ziliuzwa hapo hapo kando ya mboga. Je, ni mara ngapi tumemtaja Agatha tunapozungumzia sanaa ile? Bila ya meza yake, picha zile zingemfikia nani?

Biashara ilipochanganya, Edward aliwaita jamaa zake. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa ndugu na watu wa kwao: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Abdallah Ajaba. Walikaa chini pamoja naye, wakijaza rangi mahali alipochora mstari, mpaka mikono yao ikaweza kuchora mstari wenyewe. Hapa lugha yetu inatusaidia kuelewa jambo ambalo lugha nyingine hulificha. Anayejifunza kwetu ni mwanafunzi. Anayeanza kazi ni mwanagenzi. Maneno yote mawili yanaanza na "mwana". Kwa Mswahili, kufundishwa ni kuzaliwa mara ya pili, na mwalimu huhesabiwa kama mzazi. Ukoo wa Tingatinga ulikuwa ukoo wa namna zote mbili, wa damu na wa brashi.

Edward hakuishi kuuona ukoo huo ukikua. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi mjini Dar es Salaam usiku, wakimdhania kuwa mhalifu waliyekuwa wakimtafuta. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kiliundwa. Watoto wa Edward, Daudi na Martina, nao walishika brashi. Ninalitaja jina la Martina kwa makusudi, ili yule binti wa Shauri Moyo alisome hapa.

Mbegu hizo zilifika hata Kenya. Kule Maasai Mara iko hoteli ya kitalii inayoitwa Mpata, kwa heshima ya Simon Mpata. Mwaka 2010 filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa hapa Nairobi zilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza, na mtindo wake wa kuchora pamoja na jina lake vilitoka kwa Edward, ila sasa jina liliandikwa kwa maneno mawili: Tinga Tinga. Nimewauliza wanafunzi wangu mara kadhaa neno hilo lina maana gani. Wengi hunijibu kwamba ni trekta. Wengine husema ni picha za watalii. Wachache mno hujua kwamba ni mtu.

Walimu wenzangu wa sarufi watanielewa nikisema kwamba jambo hili linaonekana katika upatanisho wa sentensi. Zamani tulisema, "Tingatinga amechora," kwa kiambishi cha ngeli ya A-WA, ngeli ya wanaovuta pumzi. Leo tunasema, "Tingatinga imechorwa," nalo jina limehamia ngeli ya I-ZI, pamoja na meza na kalamu. Herufi kubwa inaanguka, na jina la mtu linakuwa jina la bidhaa. Peale aliwapa watoto wake majina ya wachoraji kwa kutumaini kwamba wangekuwa wachoraji. Edward aliacha jina lake kwa wachoraji ambao wengi wao hawakuwa watoto wake, na jina likapotea ndani ya kazi zao.

Najua hoja ya wanaonipinga, na si hoja ya kudharauliwa. Watasema kwamba sanaa yetu ya Kiafrika ni mali ya wote, kwamba anayeng'ang'ania jina lake ameambukizwa ubinafsi wa Wazungu, na kwamba jina la Tingatinga limelisha mamia ya nyumba ambazo zingelala njaa. Nakubali kwamba limelisha. Nakubali pia kwamba kumpa ndugu yako jina lako alitumie ni ukarimu. Lakini ukarimu una mtoaji anayejulikana. Tunapomsahau mtoaji, tunakuwa tumechukua, hatukupewa. Aidha, ukimya huu humnufaisha mlaghai kuliko anavyonufaika fundi. Edward alizoea kutia sahihi yake chini ya picha, na sahihi hiyo imeghushiwa kwa sababu ina thamani. Mwenye kughushi anajua vizuri sana kwamba jina ni mali. Ni sisi wasomi tunaojifanya hatujui.

Sheria nayo ina mipaka yake. Hakimiliki hulinda picha fulani iliyochorwa na mtu fulani. Hailindi namna ya kuchora. Na hata ulinzi huo una mwisho. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika kazi ya sanaa hudumu kwa miaka 50 baada ya kumalizika kwa mwaka aliofariki msanii. Kwa kipimo hicho, haki ya mtu aliyefariki mwaka 1972 ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2022. Sheria inapomaliza kazi yake, kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hutunzwa na walimu.

Hapa Nairobi hatukosi mfano wa kututia moyo. Ancent Soi ni miongoni mwa wachoraji wa kizazi cha kwanza baada ya Uhuru waliojifunza wenyewe na kuishi kwa brashi zao. Mwanawe, Michael Soi, aliyezaliwa mwaka 1972, ni mchoraji anayejulikana ndani na nje ya nchi kwa picha zake za kejeli, zikiwemo zile zinazohoji mapenzi ya China kwa Afrika. Ukiziweka picha za baba na za mwana bega kwa bega hutadhani zimetoka nyumba moja. Mwana alirithi kazi bila ya kurithi mtindo, na kila mmoja ana jina lake chini ya picha yake. Huo ndio urithi ninaoutamani.

Lakini akina Soi ni wachache, na wachoraji wa barabarani ni wengi. Kanuni za matatu za Februari 2004 zilipoamuru mstari wa manjano na kuipiga michoro marufuku, vijana wengi wa Eastlands walipoteza mkate wao kwa siku moja, na hakuna aliyekuwa na orodha ya majina yao. Sasa mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine yanawaondoa waandishi wa vibao mmoja baada ya mwingine. Mzee wa Shauri Moyo aliniambia kwamba kazi aliyokuwa akiipata kwa wiki moja zamani huipata kwa mwezi. Atakapoiweka brashi chini, maelfu ya mikono iliyoupamba mji huu itakuwa imepita bila ya hata mtu mmoja kuandika: hiki kiliandikwa na fulani.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, somo la sanaa na ufundi liliondolewa katika mtihani wa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umelirudisha, na sanaa ni miongoni mwa mikondo mitatu ya shule za sekondari ya juu. Tusilifundishe kwa vitabu pekee. Karibu na kila shule yuko fundi. Mwalikeni darasani, mkamtaje kwa jina lake kamili ubaoni.

La pili ni kwa wanafunzi. Mnapotafuta mada ya utafiti, msikimbilie yaliyokwisha kuandikwa London na Chicago. Nendeni Burma, Gikomba na Kamukunji na daftari. Piga picha ya kibao, kisha uliza swali moja tu: na nani? Andika jibu. Ukifanya hivyo mara 20 utakuwa umeweka akiba ambayo hakuna maktaba iliyo nayo.

La tatu ni kwa wazazi walio mafundi, na hili nalisema kwa heshima. Mtazameni vizuri huyo anayeosha brashi. Mmarekani Andrew Wyeth, mchoraji aliyekuwa mwana wa mchoraji, alikuwa na mwana aliyeitwa Jamie, ambaye naye alikuja kuwa mchoraji mashuhuri. Aliyempa Jamie mafunzo ya mwanzo alikuwa shangazi yake, Carolyn. Mara nyingi urithi wa nyumba hubebwa na yule asiyetazamwa. Atakayesana na atakayevukuta hawaandikwi mbinguni. Ni sisi tunaowagawia kazi, wakati mwingine kwa sababu ya rangi ya ngozi, kama huko Philadelphia, na wakati mwingine kwa sababu tu mtoto ni wa kike.

Kabla sijaondoka Shauri Moyo Jumamosi ile, mwenye duka la vipuri alikuja kuchukua kibao chake. Alikiangalia, akatabasamu, akalipa. Alipokuwa akikibeba, binti alimwambia baba yake kwa sauti ya chini, "Baba, si ungeandika jina lako." Mzee alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akamrudishia kopo la rangi bila ya kusema kitu. Kibao kikaenda zake.

Sijui kama atalikumbuka ombi hilo. Ninachojua ni kwamba binti huyo anamaliza masomo mwaka huu, na tasnifu yake inahusu lugha ya vibao vya Eastlands. Katika ukurasa wake wa kwanza ameorodhesha majina ya mafundi 31 wa Shauri Moyo na mitaa ya jirani. La baba yake ni la kwanza. Nilipoisahihisha nilikuta kwamba jina lake mwenyewe, yeye aliyekoroga rangi kwa miaka 10, halimo. Nimemrudishia ukurasa huo, na kando yake nimeandika maneno mawili kwa wino mwekundu: "Na wewe?"